Mama yangu anadunga insulini: je, anaweza kulala jangwani?

"Shikamoo daktari. Sisi ni wa Mikindani. Mjomba wangu anaishi Ibra, Oman, na mama yangu, ambaye ni dada yake, hajamwona kwa miaka 22. Sasa ametualika familia nzima, na anataka kutupeleka tukalale siku tatu jangwani, kwenye kambi ya rafiki yake yenye mahema na vibanda vya makuti ya mtende. Umeme hakuna, ila jenereta saa chache za jioni. Friji hakuna. Choo ni cha shimo. Kutoka lami ni mwendo wa dakika 40 kwenye mchanga. Mama ana miaka 67, anadunga insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni, na anakunywa vidonge vya presha, kimoja ni cha kukojoza. Tuna pia mtoto wa miaka miwili na nusu. Mjomba anataka twende Juni, mke wangu anataka Desemba, shule zikifungwa. Mimi naona joto watu wa pwani tumelizoea, wasiwasi wangu ni insulini kuharibika tu. Jirani anasema tumwache mama mjini Ibra sisi twende. Unatushauri nini?"

Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na kilichonigusa kwanza ni ile miaka 22. Kwa hiyo nitaanza na jibu ndipo nieleze. Mama anaweza kulala jangwani. Lakini iwe Desemba, iwe usiku mmoja badala ya mitatu, na iwe baada ya kupimwa vizuri hapa nyumbani. Juni, hapana. Hapo sitayumba hata mjomba akasirike.

Umesema wasiwasi wako ni insulini tu. Kwa safari ya Desemba insulini ndiyo jambo jepesi kuliko yote uliyoyataja. Zito ni lile ulilolipita haraka, kwamba joto tumelizoea. Tumezoea joto la aina moja, na la jangwani ni aina nyingine. Wagonjwa wengi wenye sukari huponzwa na tofauti hiyo, si na ukali wa jua.

Mwili haupoi kwa sababu jasho limetoka. Unapoa kwa sababu jasho limekauka. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huchukua joto jingi mno, linalotosha kufikisha lita saba za maji ya bombani kwenye kiwango cha kuchemka. Tone likidondoka chini kabla ya kukauka, limepotea bure. Sasa fikiria sisi hapa mwezi wa Februari. Hewa imeshiba unyevu wa bahari, jasho halina pa kwenda, linateremka mgongoni, kanga inalowa, unajipepea na bado unafukuta. Tunalalamika, lakini jasho hilo linatufaa kwa jambo moja: tunaliona. Mtu aliyelowa shati hukumbuka kunywa maji.

Jangwani hewa ni kavu kama ngozi ya ngoma. Jasho hukauka palepale linapotoka kwenye tundu la ngozi. Unajipapasa shingoni, pakavu. Unasema, "ajabu, huku sitoki jasho." Kumbe unatoka jasho mchana kutwa, na pumzi nayo inachukua maji kila unapoitoa. Mimi nililala katika jangwa hilo usiku mmoja wa Desemba, nikafua kanga saa nne asubuhi, na kabla sijamaliza kikombe cha kahawa ilikuwa imekauka. Hapo ndipo nilipoelewa kwa macho kitu nilichokuwa nikiwafundisha wengine kwa mdomo.

Wewe ni mtu wa Mikindani, mashamba ya chumvi unayajua. Kiangazi, upepo mkavu ukipiga, maji ya bahari kwenye majaruba hayachukui siku nyingi, yanaondoka kimyakimya na chumvi inabaki nyeupe. Masika yakianza bahari ni ileile, lakini hewa imejaa maji, mvua inarudisha kile jua lilichochukua, kazi inasimama. Jangwani ni kiangazi cha shamba la chumvi kila siku, na jaruba lenyewe ni mwili wa mama yako. Ukiona mstari mweupe kwenye kola ya shati la mtoto au kwenye mtandio wa mama, ni chumvi ya jasho ambalo hakuna aliyeliona likitoka.

Ni kweli kwamba mwili uliozoea joto una nafuu. Huanza kutoa jasho mapema na hutunza chumvi vizuri zaidi kuliko mwili wa mtu aliyetoka nchi ya baridi. Lakini nafuu hiyo ina gharama, kwa kuwa anayetoa jasho jingi zaidi anahitaji maji mengi zaidi. Pwani tunaulipa mwili baada ya kiu kugonga. Mzee wa miaka 67 kiu yake hugonga kwa kuchelewa, wakati mwingine haigongi kabisa. Ongeza kidonge cha kukojoza, ambacho kazi yake ni kutoa maji na chumvi mwilini. Ongeza sukari, kwa sababu ikipanda figo humwaga sukari kwenye mkojo, na sukari hiyo huburuta maji pamoja nayo. Mama ana milango mitatu ya kupoteza maji, ambapo wewe una mmoja.

Hapa nikusahihishe jambo ambalo pengine umewahi kulisikia hata kwetu wahudumu: kwamba mtazame mkojo, ukiwa mweupe basi maji yanatosha. Kwako wewe na kwa mkeo kipimo hicho kinafaa. Kwa mama hakiaminiki. Sukari ikiwa juu atakojoa sana na mkojo utakuwa mweupe kama maji ya kisima, huku mwili unakauka. Kwake angalia mdomo na ulimi kama vimekauka, angalia kama anapata kizunguzungu akisimama, na zaidi ya yote pima sukari.

Maji yake msiyaachie kiu. Yafungeni kwenye swala. Vikombe viwili baada ya Alfajiri, viwili baada ya Adhuhuri, viwili Alasiri, kimoja na nusu Magharibi, na Isha aloweshe koo tu ili asihangaike usiku. Pamoja na chai na mchuzi, kwa Desemba inatosha. Hiyo ni kama moyo na figo zake ni nzima. Daktari wake akiwa amewahi kumwekea kipimo cha maji, fuateni kipimo hicho. Msimlazimishe kunywa lita juu ya lita kwa hofu, maana maji mengi mno bila chumvi huzimua damu, na hilo nalo ni ugonjwa.

Na nikuambie jambo ambalo mama hatakuambia wewe mwanawe wa kiume. Wanawake wa umri wake hujinyima maji safarini kwa sababu ya choo. Choo cha shimo kilicho mbali na hema, usiku, kwenye mchanga unaodidimia chini ya mguu: ataamua kutokunywa tangu saa kumi jioni na atakuambia hana kiu. Mkeo amwekee ndoo yenye mfuniko ndani ya hema, pazia, kopo la maji na tochi, na amwambie mapema kabla ya safari kwamba vitakuwepo. Itamwepusha pia kuanguka gizani. Nyonga iliyovunjika dakika 40 kutoka lami ni msiba mkubwa kuliko sukari.

Sasa insulini yenyewe. Ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa na inayotumika, aina nyingi hukaa salama nje ya friji takribani wiki nne ikiwa joto halizidi nyuzi 30; soma karatasi ya kwenye boksi lake, maana aina hutofautiana kidogo. Desemba kwenye jangwa la Sharqiya, hilo la karibu na Ibra, mchana huwa nyuzi 25 hivi kivulini, na usiku hushuka mpaka karibu na 12 au 15. Maana yake, chupa ya mama itakaa mahali penye ubaridi kuliko ilivyo mezani kwenu Mikindani. Watafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walifuatilia insulini katika joto la kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mwa Kenya, ambako joto la ndani ya nyumba hupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Mwaka 2021 walitangaza kwamba insulini ilihimili wiki nne bila kupoteza nguvu yake. Nakutajia hilo ili utulie, si ili uizembee.

Kinachoua insulini safarini ni gari. Mkoba ulioachwa juu ya dashibodi wakati mnakunywa kahawa barabarani unaweza kuiharibu kwa muda mfupi, hata Desemba. Na baridi ya kugandisha inaua vilevile: chupa iliyolalia barafu moja kwa moja ndani ya deli ikiganda mara moja tu, itupwe, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Kwa sababu hiyo hiyo isiingie kwenye mzigo wa chini ya ndege. Ikae kwenye mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari kwa Kiingereza na cheti cha dawa. Bebeni mara mbili ya mahitaji, mgawanye: nusu kwa mama, nusu kwa mkeo. Vidonge vingine vyote viwe kwenye maboksi yake halisi. Nchi za Ghuba zina masharti makali juu ya baadhi ya dawa za maumivu, hasa zenye tramadol au kodeini, kwa hiyo usitie kwenye mkoba vidonge vya kubahatisha ulivyopewa na jirani.

Jangwani tumieni mtungi. Nalisema hili kwa furaha, kwa sababu ni ujuzi wa bibi zetu. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa njia ileile ya jasho: maji hupenya kwenye vinyweleo vya udongo, yanakauka nje, yanaondoka na joto. Hapa kwetu masika mtungi hupoza kwa shida, maana hewa imeshiba. Kule hupoza ajabu. Waomani wanaufahamu sana, na wafinyanzi wa mji wa Bahla wana sifa kwa kazi hiyo tangu zamani. Mwombe mjomba mitungi miwili, mdogo uingie ndani ya mkubwa. Katikati tia mchanga, umwagie maji mchanga huo asubuhi na adhuhuri, chupa ya insulini iingie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa na kuwekwa kwenye mtungi wa ndani, funika kwa kitambaa kibichi, weka kivulini upepo unapopita. Mkikosa mitungi, kitambaa kibichi kuzunguka kopo kinatosha. Insulini ya mchanganyiko huwa na weupe kama maziwa ukishaigeuzageuza taratibu. Ikibaki na mabonge au chembe zinazong'ang'ania ukutani mwa chupa, usiidunge.

Kipimo cha sukari nacho kinaathirika. Mashine nyingi hufanya kazi kati ya nyuzi 10 na 40. Alfajiri ya baridi inaweza kukataa kuwaka. Iwekeni mfukoni karibu na mwili dakika kumi. Vijiti vikae ndani ya kopo lake, kifuniko kimefungwa, na mikono ioshwe kabla ya kutoboa. Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu Oman utapewa tende kila unapoketi, na kidole chenye utomvu wa tende kitakuonyesha sukari ya 20 (kwa kipimo cha mmol/L) ambayo haipo.

Na hapa ndipo penye hatari ninayoiogopa kuliko insulini kuharibika: sukari kushuka. Nionavyo mimi, itatokea hivi. Mgeni anafika Ibra, anapokewa kwa kahawa ya iliki, tende na halua ya Kiomani. Anakula, ni dada wa mwenye nyumba, anakataaje? Sukari inapanda. Jioni anaona namba kubwa, anaongeza dozi kwa kukisia. Wanaingia jangwani, anatembea kwenye mchanga, kazi ambayo ni nzito mara mbili ya kutembea kwenye lami. Ngozi imepata joto, mishipa imepanuka, insulini inaingia damuni haraka kuliko kawaida. Halafu chakula cha kambi, walichoahidi saa moja, kinaiva saa tatu. Mama alishadunga saa kumi na mbili na nusu.

Sheria ya kambini ni hii: mama hadungi sindano ya jioni mpaka chakula akione kwa macho, kimeshaiva. Yeye amezoea kudunga nusu saa kabla. Sawa, basi adunge kinapopakuliwa na asubiri kidogo mezani, kuliko kudunga kwa ahadi ya mpishi. Hakuna kuongeza dozi kwa kukisia. Saa ya Oman imetangulia ya kwetu kwa saa moja tu, kwa hiyo ratiba yake haihitaji mabadiliko makubwa.

Dalili za sukari kushuka na dalili za kuchoka kwa jua hufanana mno: udhaifu, kutetemeka, kichwa kizito, maneno yasiyonyooka. Watu watasema, "mama kachoka na jua, mwache alale." Msimlaze kabla ya kumpima. Ikiwa chini ya 4, au ikiwa kipimo hakipo na anaonyesha dalili hizo, apewe sukari mara moja: nusu chupa ya soda ya kawaida, au vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au tende tatu akiwa anaweza kutafuna. Pima tena baada ya dakika 15. Asipoweza kumeza, msimtie kitu mdomoni. Mlazeni ubavu na gari liondoke. Soda mbili za kawaida zikae kwenye mkoba wa mama, si kwenye jiko la kambi.

Miguu nayo. Kama amekuwa na sukari kwa miaka mingi, nyayo zake huenda hazisikii vizuri. Mchanga wa mchana, mwiba wa mgunga, kokoto ndani ya kiatu: wewe ungeruka, yeye hatajua mpaka aone damu. Avae viatu vya kufunika vyenye soksi, avivue na kuvikung'uta, na usiku mkeo amwangalie nyayo kwa tochi pamoja na katikati ya vidole. Ninajua mtu akifika kwenye mchanga ule laini, wa rangi ya tangawizi, anatamani kuvua viatu kama yuko ufukweni Msimbati. Nyinyi vueni. Mama asivue. Kuhusu nge na nyoka mnaoogopeshwa nao sana, mengi zaidi ya hayo hayahitajiki: kung'uta viatu na blanketi, tochi usiku, kutotia mkono mahali usipopaona.

Baridi ndiyo itakayowashangaza. Hewa kavu isiyo na mawingu haina cha kushikilia joto, jua likizama mchanga unaliachia lote angani. Mtwara hata usiku wa Julai hauendi mbali chini ya nyuzi 20. Kule zitakuwa 12, na upepo. Sweta, soksi, kofia ya mtoto, blanketi mbili kwa mama. Ombeni maji ya moto kidogo kwa udhu wa Alfajiri. Na sasa sikiliza kwa makini, kwa sababu hili linaua familia nzima usiku mmoja: msiingize jiko la mkaa ndani ya hema. Hata kama makaa yameiva na hayatoi moshi. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na mtu aliyelala haamki. Mwenyeji akileta jiko kwa ukarimu, mshukuru, kaeni nalo nje, mkienda kulala libaki nje.

Mtoto wa miaka miwili na nusu hasemi kiu, anasema kwa kulia au kwa kulala saa isiyo yake. Mwili wake mdogo una ngozi nyingi kulinganisha na uzito, hupata joto haraka na hupoa haraka. Mpeni maji kidogokidogo kila nusu saa anapocheza, kofia pana, kivuli kati ya saa tano na saa tisa. Asiachwe ndani ya gari hata dakika tano. Bebeni paketi za ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, moja kwa lita moja ya maji safi. Zikiisha, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi kwa lita moja. Mama naye akiharisha atakunywa ORS. Sukari iliyomo ni kidogo na anaihitaji, mkimpima mara kwa mara. Wala asiache insulini yote kwa sababu hali chakula. Mwili ukiumwa sukari hupanda hata tumbo likiwa tupu.

Kuna jambo hukuuliza. Nyinyi mnatoka ukanda wenye malaria nyingi na mnakwenda nchi ambayo daktari anaweza kukaa mwaka mzima bila kuiona. Mtoto au mtu mzima akipata homa mkiwa huko, hata wiki mbili baada ya kutoka Mikindani, mtaambiwa ni jua au ni mafua ya safari. Mwambieni daktari kwa sauti: tunatoka Mtwara, mpime malaria kwanza. Kwa Kiarabu ni neno lilelile, malaria. Na kama katika familia yupo mwenye selimundu, usiku wa jangwani sio wake bila ushauri wa kliniki yake, kwa kuwa ukavu na baridi kwa pamoja ndivyo vinavyoamsha maumivu.

Juni nimeikataa moja kwa moja, ngoja nikueleze kwa nini. Joto la mchana hupita nyuzi 40, siku nyingine hufika 45. Hewa ikishakuwa ya moto kuliko mwili, upepo haukupoi tena, unakuongezea joto, na jasho linabaki kinga peke yake. Kwa mzee anayekunywa dawa ya kukojoza, kinga hiyo haina akiba. Insulini ndani ya hema itapita kiwango chake. Mkinisikiliza kwa jambo moja tu katika barua hii, liwe hili.

Ushauri wa jirani wa kumwacha mama Ibra si mbaya, na kwa baadhi ya wagonjwa ningeuunga mkono. Ila nauliza: mjomba anaandaa safari hii kwa ajili ya nani? Ipo njia ya katikati ninayoipenda. Muda mwingi akae Ibra na kaka yake, mji ambao wamo wanaozungumza Kiswahili, na nyumba ina friji. Siku moja muingie jangwani baada ya Alasiri, muone jua likizama juu ya vilima vya mchanga, mle, mlale, mtoke asubuhi kabla jua halijawa kali. Siku tatu zinamwongezea hatari mara tatu, na uzuri wa siku ya tatu ni uleule wa siku ya kwanza. Ikiwezekana mjomba atafute kambi iliyo ukingoni mwa jangwa, karibu na mji wa Bidiyah, badala ya ile ya dakika 40. Na dereva asimrushe mama juu ya vilima kwa mchezo. Vijana wanapenda sana mchezo huo, na mgongo wa mzee hauupendi.

Iwe kambi yoyote, muwe na magari mawili. Gari moja likinasa mchangani, hamna gari. Ulizeni simu inashika wapi. Namba ya dharura ya Oman ni 9999, na hospitali kubwa ya eneo hilo iko Ibra kwenyewe. Kateni bima ya safari, msitegemee kadi ya bima ya hapa. Mtoeni mama kambini bila kungoja asubuhi akichanganyikiwa, akitapika mfululizo, akipata maumivu ya kifua, sukari ikikataa kushuka chini ya 15 kwa vipimo viwili mfululizo huku anajisikia vibaya, au ikishuka na isipande baada ya kupewa sukari mara mbili. Mtu aliyechanganyikiwa na mwili unawaka moto apozwe kwanza: kivuli, punguza nguo, mwagia maji, pepea kwa nguvu, na endeleeni kumpepea ndani ya gari. Parasetamoli haisaidii kiharusi cha joto. Maji na upepo katika hewa kavu ile vinasaidia sana.

Kabla hamjakata tiketi, mpelekeni kliniki ana kwa ana, mwezi mmoja au zaidi kabla ya safari. Kwa mlipo nyinyi ni Hospitali ya Ligula, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Kwa wasomaji wa Lindi ni Hospitali ya Sokoine. Ombeni kipimo cha sukari ya miezi mitatu, kipimo cha figo, moyo usikilizwe, miguu ikaguliwe. Muulizeni daktari wake kidonge cha kukojoza kitumikeje siku za safari, na kipi kisimamishwe akiharisha, akawaandikie kwenye karatasi. Msikisimamishe kwa uamuzi wenu wala kwa uamuzi wangu, mimi sijamgusa. Akikutwa na kidonda cha mguu, figo zilizochoka, au kama sukari yake hushuka bila yeye kuhisi dalili, basi jangwa aliache safari hii na kaka yake amfuate mjini.

Siku hiyo ya kliniki mama aende amevaa viatu atakavyosafiri navyo, na mkeo awe chumbani mama anapozungumza na daktari, kwa sababu yapo maswali ambayo mama atayajibu kwake.